Baba Yako Alivyokwama Taveta

Mumbua mwanangu,

Salamu sitakuandikia. Tuko nyumba moja, na ukuta kati ya chumba chako na meza hii ni mwembamba hivi kwamba nakusikia ukifungua na kufunga zipu ya ule mkoba. Umeifungua tena. Sijui unatafuta nini humo. Kila kitu nilikiona kikiingia tangu jana.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kikamba ndicho nimekufokea nacho mwezi huu wote, na nikikiandika nitaendelea kufoka. Kiswahili nilikiokota Mtito Andei nikiwa mtoto, kwa majirani na kwa madereva wa malori waliokuja kunywa chai kwa mama yangu, na hadi leo sijakitumia kumgombeza mtu wa nyumba yangu. Labda kitanituliza mpaka nimalize.

Nimeudhika. Afadhali niseme hivyo kuliko kujifanya. Nimeudhika na wewe, nimeudhika na baba yako, nimeudhika na hiyo simu yenye ramani. Jioni baada ya jioni mmekaa wawili kwenye kochi mkifuata barabara kwa kidole: Johannesburg, mpaka wa Zimbabwe, Zambia yote ilivyo ndefu, Mbeya, Dodoma, Namanga. Nikiingia na chai mnanyamaza kama wanafunzi waliomwona mwalimu dirishani. Mimi si mwalimu. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kwa Vonza, na hiyo chai mnayonyamazia nimeipika mimi.

Mambo ya helmeti na maji ya kunywa na kutoendesha gizani sitayagusa. Hayo ulifundishwa kazini, na umeendesha ile pikipiki ya kazi kutoka Zombe mpaka vijiji ambavyo mimi sijawahi kuvikanyaga, ukichanja mbuzi za watu, kwenye mchanga, na hujaanguka ila mara ile ya punda. Najua unajua kuendesha. Hilo halijawahi kuwa swali langu.

Swali langu lilikuwa lile nililokuuliza siku ya kwanza, ulipotuambia umeomba likizo na unataka kupanda ndege uende Afrika Kusini ununue pikipiki kubwa iliyotumika, kisha uiendeshe mpaka hapa.

"Pikipiki ziko hata Kitui mjini," nilikuambia. "Unaenda kutafuta nini huko?"

"Sitafuti kitu, Mum. Nataka tu kuendesha nirudi nyumbani."

Jibu gani hilo? Mtu anapanda ndege aende mbali ili apate mahali pa kurudia? Nilimtazama baba yako nikidhani atanisaidia. Alikuwa anatabasamu. "Mwaitu," akakuambia, kama kawaida yake, "hiyo barabara ya Tunduma nasikia ina malori mengi."

Unajua anakuita mwaitu, mama yangu, kwa sababu una jina la mama yake. Mimi nimekulea nikijua kwamba kila nikikukemea ninamkemea mama mkwe. Ndiyo maana ulikemewa kidogo kuliko ulivyostahili, na matokeo yake ndiyo haya.

Sasa nisikilize. Kuna hadithi ya nyumba hii ambayo unaijua nusu. Unajua kwamba sokoni watu wa rika letu wanamwita baba yako Taveta. Unajua kwamba aliwahi kwenda Tanzania kununua pikipiki, akakwama mpakani, na kwamba mimi nilimwacha huko nikapanda basi. Kila Krismasi mtu anasema "Mama Mumbua alipanda basi," watu wanacheka, na baba yako anacheka pamoja nao. Na mimi nimekuwa nikicheka. Hiyo nusu nyingine hata mimi sikuijua mpaka leo jioni.

Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza umeanza nasari. Duka letu lilikuwa chumba kimoja cha mabati. Wateja wetu wengi walikuwa mbali, pande za Zombe na zaidi, na kuwapelekea mbegu kabla ya mvua ilikuwa ni kazi ya baiskeli au ya kuomba nafasi juu ya lori la mtu. Siku hizo pikipiki hazikuwa zimejaa kila kona kama sasa. Baba yako alisikia kutoka kwa rafiki yake, fundi mmoja aliyefanya kazi Moshi, kwamba kuna Mzungu anamaliza kazi yake huko na anauza pikipiki ngumu ya safari, ile ya magurudumu marefu, kwa bei ambayo hapa hungepata.

Nilimuuliza kitu kimoja tu. "Karatasi ziko kwa jina la nani?"

Akaniambia, "Mwanamke, pikipiki inaenda kwa mafuta, haiendi kwa karatasi."

Tukakuacha kwa susu yako, nyanya yako wa Zombe, tukaenda wawili. Kwa nini nilienda? Kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa bora kuliko chake, na kwa sababu nilitaka kwenda. Hilo la pili sijawahi kulisema. Nilikuwa sijawahi kutoka Kenya. Nilikuwa na umri mdogo kuliko wako wa sasa, nina duka na mtoto na mama mkwe, na nilitaka kuona nchi nyingine hata kama ni ya hapo jirani.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia. Yule Mzungu alikuwa akiondoka siku hiyohiyo. Alituandikia karatasi ya mauziano akaitia sahihi, akatupa kadi, kama Watanzania wanavyoita logbook, akatushika mikono, akaingia gari la kwenda uwanja wa ndege. Kadi niliisoma tukiwa bado tumesimama hapo. Jina lake halikuwemo. Kulikuwa na jina la mradi aliokuwa akiufanyia kazi.

"Baba Mumbua," nikasema, "hii pikipiki si yake."

"Ametuuzia. Ni yetu. Panda."

Nikapanda. Na hapa nataka nikuambie jambo ambalo halimo katika hadithi ya Krismasi. Kutoka Moshi mpaka Holili nilikaa nyuma ya baba yako, mikono kiunoni mwake, leso yangu ikipigwa na upepo, migomba imesimama pande zote mbili za barabara. Mlima ulikuwa umejificha mawinguni na sikujali. Alikuwa akipiga honi kwa kila mtu tunayempita, hata ng'ombe. Nilicheka njia nzima mpaka meno yakaingia vumbi. Kwa hiyo usifikirie kwamba mimi sijui unachokifuata. Ndicho kinachonikasirisha zaidi. Najua.

Holili, kwenye kituo cha mpaka upande wa Tanzania, tukasimama. Afisa wa forodha alikuwa kijana mpole, mwenye Kiswahili kile chao cha kunyoosha. Alisoma kadi, akasoma karatasi ya mauziano, akarudi kwenye kadi.

"Karibuni sana, baba na mama," akasema. "Chombo hiki ni mali ya mradi. Nani amewaruhusu kukitoa nchini?"

Baba yako akamwonyesha sahihi ya Mzungu.

"Naiona. Lakini mtu hawezi kuuza kisicho chake. Leteni barua ya mradi, umiliki ubadilishwe, kisha tutaendelea. Pole sana."

Hakukosea yule kijana. Miaka yote hii nimetafuta kosa lake nisilipate. Lakini baba yako alimsemesha kama anavyosemesha fahali, kwa sauti na kwa kurudia. Nilipofungua mdomo kusaidia, akanigeukia: "Wewe nyamaza. Hii ni maneno ya wanaume." Mbele ya yule afisa, na mbele ya akina mama wa ndizi waliokuwa kwenye foleni nyuma yetu. Mmoja wao aliguna.

Nikanyamaza. Nikanyamaza kwa namna ile unayoijua, ya kufunga mlango kwa ndani.

Pikipiki ikabaki uani kwa forodha, sisi tukavuka kwenda kulala Taveta, katika chumba cha kukodi kilichokuwa na joto kama tanuri na mbu wanaoimba kwaya. Asubuhi tukarudi. Jibu ni lile lile. Kesho yake tukarudi. Baba yako alidhani sheria ni mtu, kwamba ukimwamkia kila siku mwishowe atakuonea huruma au atakuchoka. Nilimwambia turudi Moshi tukatafute ofisi ya huo mradi. Akasema mradi umeshafungwa, hakuna ofisi. Nikamwambia basi tuiache. Akasema haachi. Tukawa tunaishi hivyo, mchana kwenye benchi la mpakani, usiku kila mtu amegeukia ukuta wake.

Kisha nikapiga simu kwenye duka moja la Zombe, nikaambiwa wewe una homa na hutaki kula. Nilikusanya nguo zangu hapo hapo.

Alinifuata mpaka kwenye basi. Alikuwa hajanyoa, shati lake lilikuwa limekunjamana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema kitu. Mimi sikumpa nafasi. Nilikuwa nimeweka mguu kwenye ngazi ya basi nikageuka, nikasema kwa Kikamba, kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Wewe ndiye uliyeitaka. Kaa nayo. Usirudi kwangu bila hiyo pikipiki."

Nikapanda. Sikuangalia dirishani.

Wewe ulipona kwa siku chache, ilikuwa homa ya kawaida tu. Mimi nikarudi dukani. Jumapili, baada ya ibada, akina mama waliniuliza baba Mumbua yuko wapi, nikawasimulia. Nilikuwa msimuliaji mzuri, Mumbua. Nilimwiga sauti, nilimwiga anavyopiga meza na kusema "nipe stampu." Walicheka wakashikana. Walikwenda wakawasimulia waume zao, na kabla mwezi haujaandama jina Taveta lilikuwa tayari linamsubiri sokoni, yeye mwenyewe bado hajafika.

Hakutuma neno, nami sikumtafuta. Nilijiambia ana akili zake na miguu yake. Ndengu zikapandwa, ndengu zikachanua, na mimi nikawa namwambia kila aliyeuliza, "Yuko na mke wake wa magurudumu mawili." Watu wakacheka tena. Usiku nilikuwa silali vizuri, lakini hilo sikumsimulia mtu.

Siku moja jirani mwenye simu akaja ananiita. Aliyepiga alikuwa mamako mdogo Kavata, kutoka mji wa Wote.

"Bwanako yuko hapa kwangu," Kavata akasema. "Amekuja na pikipiki. Amekonda sana, dada. Anauliza kama anaweza kuja nyumbani."

Unajua nilijibu nini? "Muulize kama amesahau njia."

Alikaa Wote siku kadhaa hivi, kwa shemeji yake, nyumbani kwake kukiwa si mbali. Kisha akaja. Nilisikia honi kabla sijaiona pikipiki. Wewe ulikimbia nje bila viatu, akakupandisha juu ya tangi la mafuta, mkazunguka duka mara nyingi na watoto wa jirani wakiwafuata nyuma. Mimi nilisimama mlangoni. Nguo zilikuwa zinamning'inia. Nilimpikia isyo ya mahindi na maharagwe, nikamtengea maji ya kuoga. Nilimuuliza kama maji yana moto wa kutosha.

Sikumuuliza alipitaje mpakani. Nilijiambia atasema mwenyewe. Na yeye, kumbe, alijiambia nitauliza mwenyewe. Pikipiki ile ilifanya kazi miaka mingi, unaikumbuka. Ilipeleka mbegu Zombe na kwingineko, ilikupeleka shule, ilimpeleka susu yako hospitali mara yake ya mwisho. Ilikufa kwa uzee nyuma ya duka, chuma chakavu kikauziwa mtu wa kupita. Na muda wote huo swali hilo lilikaa mezani kati yetu kama kikombe ambacho kila mmoja anasubiri mwenzake akiondoe.

Sasa tufike leo.

Walikuja watu wa kanisa kukuombea, nawe ulikaa vizuri, ulivaa sketi, nashukuru. Mchungaji aliomba kwa ajili ya magurudumu yote mawili. Yule mama wa kwaya akaniuliza sikioni kama kweli msichana atalala peke yake njiani Zambia, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga safari. Nilijibu kwa upole. Upole wangu wote wa leo uliishia hapo.

Walipotoka nikakuuliza jambo moja.

"Hiyo pikipiki, karatasi ziko kwa jina la nani?"

Uliinua macho darini. "Mum, tumeongea hii maneno. Yule jamaa anayeniuzia ako sawa. Atapanga kila kitu nikifika."

"Ni yake? Jina lake ndilo limo?"

"Ilikuwa ya binamu yake. Atapanga."

"Wewe mwenyewe uliniambia mgeni lazima apewe namba kwanza ndipo pikipiki iandikwe jina lake. Uliniambia kuna cheti cha polisi bila hicho haitoki nchini. Hivyo vyote huyo jamaa atavipanga?"

"Mum, wewe hujawahi hata kupanda ndege. Wacha tu niende na amani."

Hapo Kikamba kikanitoka. Nilikuambia mengi, lakini nakumbuka la mwisho, na najua nawe unalikumbuka, kwa sababu ndilo lililokufanya uingie chumbani ukafunga mlango.

"Ukikwama huko, usinipigie simu."

Baba yako alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi. Hakukutetea. Hakunikemea. Alinitazama, akasema neno moja. "Umerudia."

"Nimerudia nini?"

Akainuka akatoka nje. Nikamfuata mpaka kwenye tangi la maji, nimekasirika, nikitaka anieleze amemaanisha nini. Na hapo, Mumbua, amesimama amenipa mgongo, anakagua mfereji ambao haukuwa na tatizo lolote, ndipo baba yako aliponisimulia Taveta.

Mimi nilipoondoka na basi, alisema, alikuwa amekuja kuniambia tuiache pikipiki twende nyumbani pamoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa mdomoni mwake. Alikuwa amechoka, alikuwa ameshakubali kwamba amekosea. Nami nikageuka pale kwenye ngazi nikamwambia nilivyomwambia.

"Nilisema kwa hasira," nikamwambia.

"Mimi ningejuaje? Wewe ukisema kitu huwa unamaanisha."

Basi akarudi Moshi. Mradi ulikuwa umefungwa kweli. Akamtafuta mtu yeyote aliyewahi kuufanyia kazi, akaelekezwa kwa aliyekuwa mhasibu, akakuta amehamia Same, akaenda Same, akaambiwa amesafiri. Akarudi Taveta kubeba mikungu ya ndizi siku za soko ili apate chakula. Akaenda tena Same. Katika kwenda na kurudi huko akashikwa na malaria. Alilala katika kile chumba cha joto, peke yake, hajui ni mchana au usiku. Mmoja wa akina mama wa ndizi, yule aliyeguna siku ile kwenye foleni, aligundua hajamwona sokoni, akaja akamkuta. Ndiye aliyemnunulia dawa. Ndiye aliyemletea uji.

Yule mama alimuuliza, "Una mke? Tumpigie simu."

Akamwambia hapana.

"Ulimwambia huna mke?" nikamuuliza.

"Nilimwambia tusikupigie. Nilikuwa bado sijaipata pikipiki."

Aliposema hivyo alikuwa anafunga mfereji na kuufungua, anafunga na kuufungua. Nikamwambia angekufa. Akasema alikaribia. Nikamuuliza kwa nini hajaniambia miaka yote hii, na akanijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayesema saa.

"Hukuuliza."

Alipopata nguvu akaenda Same tena, mhasibu akapatikana, barua ikaandikwa, jina likabadilishwa, ushuru ukalipwa, akavuka. Yule kijana wa forodha alimpigia saluti. Hapo ndipo alipocheka kidogo, baba yako, kwa hiyo saluti. Kisha akaniambia kwamba akiwa Wote alikuwa haogopi watu wa sokoni. Jina la Taveta alikuwa ameshalisikia kwa Kavata na halikumsumbua. Alikuwa akiniogopa mimi. Ana pikipiki, ana karatasi, ana kila nilichomtuma, na bado hakuwa na hakika kama mlango uko wazi.

Nimekaa na hayo tangu wakati ule, na sijui niyaweke wapi. Kwa sababu nilikuwa sahihi, Mumbua. Hilo ndilo linalonitafuna. Kuhusu kadi nilikuwa sahihi, kuhusu Mzungu nilikuwa sahihi, kuhusu kurudi kwako ulipokuwa mgonjwa nilikuwa sahihi, na nikiulizwa leo bado ningepanda lile basi. Lakini mume wangu alilala anatetemeka kwenye chumba cha kukodi na kuwa kwangu sahihi hakukumpelekea hata kikombe cha uji. Aliyempelekea ni mwanamke ambaye hakujua chochote juu ya karatasi.

Nimeona jambo juu yangu ambalo pengine wewe umeliona zamani. Nikiogopa, nakuwa mkali. Siku ile kwenye basi nilikuwa nakuogopea wewe na homa yako, nilikuwa nimechoka, na badala ya kumwambia mume wangu "naogopa, njoo," nilimwekea masharti ya kurudi kwake mwenyewe. Leo nimefanya vile vile. Naogopa Zambia. Naogopa Limpopo, mto ambao nimeujua kwenye ramani yenu tu. Namwogopa huyo jamaa na binamu yake. Na kilichonitoka mdomoni ni kwamba usinipigie.

Wewe nawe una yako. Una ule ukaidi wa baba yako wa kwenda mbele kwa sababu umeshasema utaenda, na una ule unyamavu wangu. Hayo mawili ndani ya mtu mmoja, peke yake, kwenye benchi la mpakani, ndiyo yananinyima usingizi, si malori ya Tunduma. Baba yako alikuwa na huo ukaidi peke yake na ulitosha kumlaza chini.

Kwa hiyo nakuambia wazi, kwa lugha nisiyofoka nayo. Ukifika huko ukakuta karatasi haziko sawa, usinunue. Ukiwa umeshanunua ukakwama mahali, mpakani Beitbridge au popote, na umechoka, iache. Iache pale pale uani kwa forodha, na uje. Usikae hapo kwa ajili ya maneno yangu, wala kwa ajili ya mchungaji na maombi yake, wala kwa ajili ya mtu wa sokoni atakayekupa jina. Hicho ni chuma. Likizo yako ikiisha bure, imeisha. Ukija mikono mitupu nitakupikia, na nakuahidi, ingawa itaniuma sana, kwamba sitasema "nilikuambia." Sitasema siku hiyo, angalau.

Na ukija nayo, nitakuuliza. Nitakuuliza ulipitaje kila mpaka, nani alikuwa mpole, nani alikusumbua, ulilala wapi, ulilia wapi. Nitauliza mpaka uchoke. Sitaki kungoja tena miaka yote hii kuambiwa kando ya mfereji wa maji.

Sijakubali safari hii. Sitaki usome barua hii udhani nimekubali. Bado naona ni upumbavu mtu kwenda kununua pikipiki mbali kiasi hicho, bado namwona huyo jamaa wako ni tapeli mpaka athibitishe vingine, na baba yako nitaongea naye vizuri ukishaondoka, kwa sababu hata sasa anakoroma kama mtu aliyetua mzigo akaniachia mimi.

Kesho nitakusindikiza mpaka steji. Najua nitakavyokuwa. Gari likiwasha injini moyo wangu utapanda, na nitasema kitu kikali, pengine juu ya viatu vyako, pengine juu ya nywele, pengine kitu kibaya zaidi, mbele ya makanga na abiria wote. Nitajaribu kujizuia na nitashindwa. Hayo ya steji usiyabebe. Yaache hapo hapo steji, uende na haya.

Nipigie ukikwama. Nipigie hata ukiwa umekosa wewe na niko sahihi mimi. Hasa hapo.

Mimi mamako, ambaye bado amekasirika, na ambaye simu yake itakuwa na chaji usiku na mchana.